Sikuvaa Gauni Kikaoni, Jamani

Naomba nitangulize hili kabla hamjamaliza kucheka: sikuvaa gauni. Kuna rafiki yangu mmoja, namwita rafiki kwa mazoea tu, tangu Jumapili usiku anasambaza sauti WhatsApp kwamba katibu wa kamati ya harusi kavaa gauni la pinki mbele ya wazee. Uongo mtupu. Gauni lilivaliwa na binti wa kwenye simu. Na lilikuwa zambarau. Pinki ilikuja baadaye, kwa maelekezo ya shangazi.

Haya, ndiyo, nacheza Infinity Nikki. Ndevu ninazo, mke ninaye, na nacheza. Mpwa wangu aliiweka kwenye simu yangu likizo ya Desemba 2024, gemu ilipotoka tu, kwa sababu ni ya bure na simu yake ilikuwa imejaa. Mpwa akarudi shule, gemu ikabaki, na mimi nikabaki nayo. Kwa wasioijua: binti anaitwa Nikki, anazunguka dunia kubwa na paka wake Momo, anayetembea kwa miguu miwili na kuongea kuliko MC aliyelipwa nusu. Kila shughuli ina vazi lake. Kuvua samaki, unabadilisha nguo. Kudaka wadudu, unabadilisha. Kuelea hewani ukiruka kutoka juu ya mnara, unavaa gauni la kuelea. Usinicheke, wewe unabadilisha jezi kila msimu na timu yako haielei popote.

Sasa, mwisho wa Aprili 2025 likashuka toleo la 1.5. Waliokuwa wanaisubiri wanajua. Wawili mnaweza kucheza pamoja, tena mkatembea mmeshikana mikono, na kubwa kuliko yote, unaweza kuzipaka nguo rangi. Tangu gemu itoke tulikuwa tunaililia hiyo rangi. Shida ni kwamba masasisho ya gemu hii hayashuki kama ya kikokotoo. Ni mzigo wa gigabaiti, na intaneti ya nyumbani ilikuwa imekatika, nikajiunga kifurushi kikubwa cha mwezi mzima. Cha bei gani, tutafika huko. Kwa bahati mbaya tutafika.

Kikao kilipangwa saa kumi jioni, kwa hiyo mimi peke yangu nilifika saa kumi. Nikaomba soda, nikakaa chini ya feni, mzigo ukashuka wote, nikaanza kumpaka Nikki rangi kwa raha zangu. Wajumbe wakaanza kuingia saa kumi na moja na nusu. Baba Mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti, akafungua kwa sala na kuniita nisome taarifa ya michango. Safari hii nilikuwa nimejipanga kisasa. Nikaunganisha simu na ile TV kubwa ya ukumbini wanayoonyeshea mpira, jedwali likatokea kubwa, wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Shangazi akasema, "Mtoto wa kaka kasoma huyu."

Nikafika kwenye wadaiwa. Naomba mnielewe hali ya ukumbi ilivyokuwa. Kusoma majina ya watu walioahidi na hawajatoa ndicho kipengele pekee ambacho kila mjumbe anaacha kutafuna. Nilikuwa nasoma kwa sauti ya karani wa mahakama: fulani, ahadi laki mbili, ametoa elfu hamsini. Fulani, ahadi laki moja, hajatoa. Chini kabisa kwenye jedwali kulikuwa na jina langu. Ahadi laki moja na nusu. Ametoa: kistari. Mpango wangu ulikuwa nisogeze jedwali hadi mstari wa pili kutoka mwisho, nikohoe, niseme "na wengineo". Wajumbe wa kikao kilichopita wanakumbuka nilivyosimama nikasema mwezi huu nimebanwa, mwenyekiti anivumilie. Baba Mkubwa alinionea huruma mpaka akanilipia nauli.

Nikakohoa. Nikasema "na wen..."

Juu ya TV ikateremka meseji. Taratibu. Meseji za kwenye simu zinakuja haraka na kupotea, lakini kwenye TV ya inchi sijui ngapi ile kitu ilishuka kama pazia la ukumbi wa maonyesho. Herufi moja ilikuwa ukubwa wa sahani. NDUGU MTEJA, UMETUMIA ASILIMIA 75 YA KIFURUSHI CHAKO CHA SH 50,000.

Na chini yake, jina langu. Ametoa: kistari.

Hakuna aliyesema neno. Feni ikawa inasikika. Nikamwona mama mmoja wa kamati ya chakula anasoma midomo ikicheza, a-si-li-mi-a, akafika kwenye elfu hamsini, akageuka kuniangalia. Sasa akili yangu inaniambia iondoe, iondoe, nami nikapitisha kidole kwenye kioo kwa nguvu za mtu anayefukuza nyigu. Meseji haikutoka. Jedwali ndilo lililotoka. Programu niliyoiacha nyuma ikaja mbele.

Muziki ukaanza. Vinanda laini, spika za ukumbi mzima, maana kumbe sauti nayo ilikuwa imehamia kwenye TV. Halafu Nikki akatokea, mrefu kumzidi Baba Mkubwa, kavaa gauni la zambarau lenye tabaka kama kitunguu, anageuka polepole aonekane mgongo, kisha anageuka tena aonekane mbele. Anatabasamu. Pembeni vimejipanga vidoti vya rangi na kimoja kinawaka kikisubiri uamuzi wangu. Nikabonyeza kuzima, mkono ukatetemeka, nikabonyeza rangi. Gauni likawa jekundu mbele ya wazee. Akageuka tena.

Nyuma nikasikia mtu anavuta pumzi ya kicheko. Ndiye huyo huyo rafiki, na simu yake ilikuwa imeshanyanyuliwa.

Nilifungua mdomo niseme ni ya mpwa. Shangazi akaniwahi. "Kumbe sare tayari! Katibu, mbona hukutuambia? Hiyo nyekundu inatuzeesha, tuwekee pinki."

Wadau, mngefanya nini? Nikaweka pinki.

Kuanzia hapo kikao hakikuwa changu tena. Kamati ya mapambo ikasema pinki itagombana na vitambaa vya meza. Kamati ya chakula ikataka mikono mirefu, kwa sababu ukumbi una kiyoyozi na wao wana baridi yabisi. Mjomba mmoja, ambaye kwenye vikao vyote hajawahi kuchangia hoja, akasimama kuuliza kama wanaume nao watavaa hilo, au wao watavaa kama yule paka. Nikaombwa nimzungushe binti. Nikamzungusha. Nikaombwa nimpe viatu vifupi, bibi harusi ana ndugu warefu. Nikambadilisha viatu. Kusema kweli mahali fulani hapo katikati nilianza kufurahia.

Kisha Shangazi akauliza bei.

Nikaeleza ukweli, sijui kwa nini. Nikasema hili tunaloliona si tatizo, lakini magauni makubwa ya toleo hili hayauzwi, yanachezewa bahati. Unavuta. Kipande kikubwa kimoja kinaweza kukufikisha mvuto wa 20 ndiyo ukipate. Na gauni jipya lina vipande 11.

"Kipande ni nini? Juu na chini?"

"Hapana, Shangazi. Hereni ni kipande. Viatu kipande. Soksi kipande."

Shangazi anauza vitenge miaka yote, mnamjua kwa hesabu. Hakuhitaji kikokotoo. "Ishirini mara kumi na moja. Mia mbili na ishirini. Yaani mtu unavuta hela mara ishirini, unapewa soksi?"

Nikakubali kwamba ukiwa na nuksi, ndiyo.

"Na hapo huna gauni."

"Una soksi, Shangazi."

Baba Mkubwa akavua miwani. "Katibu, hiyo ni kamari." Ikaandikwa kwenye muhtasari, na aliyeiandika ni mimi. Kwa wanaofuatilia: wachezaji dunia nzima, mpaka huko China ilikotengenezwa, walipigia kelele vipande 11 hivyo hivyo, pamoja na hitilafu za toleo hilo, mpaka watengenezaji wakaomba radhi. Shangazi alifika kwenye hoja hiyo kabla soda yake haijaisha, na hajawahi kudaka hata mdudu mmoja.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilitoa laki moja na nusu papo hapo kwa simu, na muamala nao ukasomeka kwenye TV, wakapiga makofi. Nauli ya Baba Mkubwa nimerudisha. Picha ya gauni iko kwa fundi Kariakoo, ameuliza hizo tabaka zinasimamaje bila waya, nikamwambia awaulize kamati ya mapambo. Video ipo, ndiyo, na aliyeiweka ana ahadi ya laki moja ambayo hajatoa, nitaisoma kwa jina na namba ya mstari kikao kijacho.

Mke wangu hajaongea sana. Kaniuliza tu elfu hamsini ilitoka kwenye hela ipi.

Halafu jana Shangazi kapiga simu anataka nimsaidie kufuta picha za harusi ya mwaka juzi, simu imejaa, gemu haiingii. Nikamsaidia. Usiku wa manane nikaona ombi la kucheza wawili. Bado sijalikubali. Nimechungulia tu, na kavaa kuliko mimi.