Injini nunua, pointi tengeneza mwenyewe

Mke wangu ameshazoea kuniona saa sita usiku nikipiga tupa kipande cha reli kisichozidi urefu wa kidole. Wageni wanaokuja kwetu Sinza ndio huuliza: pointi za treni ndogo, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, si zinauzwa tayari? Zinauzwa. Sizitaki.

Sababu ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ambayo naiunda upya kwa udogo, kipimo cha 1:64. Njia yake ina upana wa milimita 1,067. Ipunguze mara 64, unapata kama milimita 16.7, karibu sawa na ile ya milimita 16.5 inayouzwa kila mahali kwa treni ndogo za kipimo cha 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko za kweli. Magurudumu basi unanunua, raha mustarehe. Shida ni mataruma, vile vipande vinavyolala kukingama chini ya reli. Ya kiwandani yamepimwa kwa reli pana ya Ulaya, membamba na yamebanana. Weka behewa la TAZARA juu yake uone: mtu mnene ndani ya kandambili za mtoto.

Kutengeneza si uchawi. Unakata bodi ya shaba, ile ya saketi za redio, vipande vya mataruma, kisha unalehemu reli juu yake. Kila taruma ulikwangue shaba katikati, la sivyo umeme wa reli hii unakutana na wa reli ile na treni haisogei. Mimi nilisahau taruma moja tu, nikatafuta kosa siku mbili.

Kazi yenyewe iko kwenye ndimi mbili, reli zilizochongoka zinazohama kuelekeza treni, na ile V reli zinapokatana. Ulimi usiposuguliwa ukawa mwembamba kabisa nchani, gurudumu linaupanda. Na mchoro wa pointi, ule unaopangia reli juu yake, ukiuchapisha steshenari, simama hapo hapo. Kijana aliniwekea "ienee kwenye karatasi", mchoro ukanywea, V yangu ikaangukia pasipo pake.

Kipimo cha kushikilia reli mbili zisisogeane nilichongewa na fundi wa Gerezani. Alikigeuza mkononi mara tatu.

"Mzee, hiki kinafungwa kwenye gari gani?"

"Treni."

Akanitazama, akacheka, akapunguza bei.

Sasa nina pointi nne. Tatu zinapitika mbele na nyuma. Ya nne, behewa likirudi kinyumenyume linaruka pale pale kwenye V, nami nashuku kile kireli kifupi cha pembeni kinachozuia gurudumu lisipotee njia. Nimekilehemu mbali mno, labda kwa nusu milimita. Tupa iko mezani.