Kilele Kirefu, Bondi Ile Ile

Urani ya Bahi na Manyoni imo kwenye udongo wa chokaa wa mabonde yanayokauka kiangazi, ikiwa uranili: oksijeni mbili zimeikumbatia urani, kila bondi kama angstromu 1.8 (angstromu ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita). Kwamba bondi hizo ni kovalenti, yaani atomu zinashirikiana elektroni, habishi mtu. Ubishi uko kwenye bondi hafifu, kama ya urani na klorini: ina ukovalenti kiasi gani, na je, kipimo cha eksirei kinauonyesha kweli?

Kipimo kinachogombewa ni hiki. Eksirei ya karibu elektroni-volti (eV, kizio cha nishati) 2,820 huirusha elektroni ya ndani ya klorini hadi obitali (makao ya elektroni) tupu ya urani, iitwayo 5f. Mruko huo huonekana tu pale obitali hiyo ilipochanganyika na 3p, obitali ya nje ya klorini. Mchanganyiko ukizidi, kilele kinachotangulia ukingo (mpando mkubwa wa unyonyaji wa eksirei) hupanda.

Wapinzani husema kilele si uimara wa bondi, na hesabu inawabeba. Tuchukue namba za mfano: mwingiliano wa obitali eV 0.2, pengo la nishati kati ya obitali hizo eV 2. Mchanganyiko ni (0.2/2)², yaani 0.01, uimara ni 0.2²/2, yaani eV 0.02. Hamia plutoniamu, ambako 5f zimesinyaa na kushuka: mwingiliano 0.1, pengo 0.5. Mchanganyiko sasa ni 0.04, uimara ule ule 0.02. Kilele mara nne, bondi haijaongezeka kitu.

Sawa, lakini hilo si kosa la kipimo. Zidisha mchanganyiko kwa pengo: 0.01 × 2, au 0.04 × 0.5, zote 0.02. Kilichokosekana ni namba ya pili, yaani pengo, na mikanda ya uhamisho wa chaji (mwanga unaonyonywa elektroni ikihama kutoka klorini kwenda metali) husaidia kuikadiria. Wala tusiidharau 0.02. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, tofauti ya eV 0.06 tu huzidisha utenganisho mara kumi, na kutenga amerisiamu na lanthanidi (metali zinazofanana nayo kikemia) katika taka za nyuklia hutegemea tofauti ndogo za namna hiyo.

Mimi ningeogopa zaidi unene wa sampuli. Ikiwa nene, hunyonya mwanga wake yenyewe; ukingo mrefu hubanwa kuliko kilele kifupi, na ukishasawazisha, yaani kugawa kilele kwa kimo cha ukingo, ukovalenti unavimba bila sababu. Saga laini, changanya na polistireni iliyoyeyushwa kwa toluini, tandaza utando mwembamba, rekebisha nishati kwa kilele kinachojulikana cha chumvi ya Cs₂CuCl₄ (eV 2,820.2). Njia ya miale ijazwe heliamu, maana sentimeta tano za hewa hula zaidi ya nusu yake.

Afrika haina sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa eksirei za kipimo hiki. Sampuli ya Dodoma itasafiri kwa kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, na zamu ya mashine ikipita imepita. Kwa hiyo pelekeni tando tatu za unene tofauti: vilele vikitofautiana baada ya kusawazishwa, hapo mnapima unene, si bondi.