Gunia Moja Limekwenda Wapi?

Leo mchana, baada ya kuukodolea macho mstari wa 12 wa programu yangu kwa saa mbili nzima, nimegundua kwamba kosa lilikuwa katika mstari wa 11, ambako nilisahau kuweka nukta mkato. Kompaila, yaani ile programu inayoyageuza maandishi yetu kuwa amri za mashine, ilijua kabisa kinachokosekana, kwa sababu ilikitaja. Ila ilinyamaza mpaka ikafika mstari unaofuata, ndipo ikapiga kelele na kumsingizia jirani asiye na hatia. Sasa kama inakijua kinachotakiwa, ilishindwa nini kukiweka yenyewe?

Mimi si mtu wa kulalamika. Umeme tumeuzoea, kompyuta za maabara tunazikalia watatu watatu, na habari za bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, naziacha kwa heshima ya wasomaji. Kinachonishinda ni hii lugha ya kuandikia programu iitwayo C, ambayo Dennis Ritchie aliiunda huko Marekani mwaka 1972, kabla mama yangu hajaanza darasa la kwanza, na ambayo Jumamosi iliyopita ilinivunjia heshima mbele ya mjomba.

Mjomba ndiye anayenilipia ada kwa korosho zake za Tandahimba. Alipokuja Mtwara mjini alifikia chumbani kwangu Chuno, akasema anataka kukiona kile anacholipia.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba,” akajibu, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi. “Haya, iamuru mashine yako ifanye kazi.”

Nikaona nimpe mfano wa nyumbani: magunia saba ya korosho, wagawane yeye na dada yake, ambaye ni mama yangu. Nikaandika saba gawanya kwa mbili, nikabonyeza, nikajiegemeza ukutani kama msomi. Mashine ikajibu: 3.

Mjomba akavaa miwani. “Mimi matatu, mama yako matatu. Gunia moja limekwenda wapi?”

Nikamweleza kwa utulivu kwamba katika lugha hii, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu nalo huwa namba kamili, na kinachobaki hukatwa.

“Hukatwa?” Akavua miwani. “Kumbe na humu ndani mna makato?”

Ili kuiokoa siku, nikaandika programu nyingine ya kuyahesabu yale magunia yakiwa yamepangwa katika safu. Yakatokea moja baada ya jingine: gunia la 0, gunia la 1, na kuendelea mpaka gunia la 6, kisha kimya.

“Gunia la sifuri ndilo lipi?”

“Ndilo la kwanza, mjomba.”

“Na la saba?”

“La saba halipo. Yanaishia la sita.”

Mzee akatazama dari kwa muda mrefu. “Kwa hiyo moja limeliwa kwenye kugawa, na la pili limeliwa kwenye kuhesabu. Na ada ni ile ile?”

Nilipobadilisha mbili ikawa 2.0, mashine ikatoa 3.5 bila hata kuona aibu, lakini mjomba akasema gunia halikatwi katikati kama papai, na kwamba mtoto wa darasa la tatu angempa bibi lile lililozidi. Sikuthubutu kumfikisha kwenye kilobaiti, kile kipimo cha ukubwa wa data, ambayo mwalimu wetu huihesabu kuwa baiti 1,024 na si 1,000, kwa sababu mizani ya namna hiyo mjomba anaijua tangu ujana wake.

Na bado mtihani tutaufanya kwa kalamu na karatasi! Nitaandika programu ambayo hakuna mashine itakayoisoma, nisahau nukta mkato ambayo hakuna kompaila itakayoipigia kelele, kisha mwanadamu mwenye damu na nyama, mwenye watoto nyumbani kwake, anikate alama mbili. Karatasi haiendeshi programu! Ni sawa na kumpima mvuvi wa Mikindani kwa kumwambia achore samaki.

Mjomba amerudi kwake, lakini jana jioni alinipigia simu kuuliza kama mashine imekwisha kulirudisha lile gunia. Nimemwambia mtandao unasumbua.