Honi ya treni kwenye gari la dharura: shida si ukubwa wa sauti

Dereva wa ambulensi au wa zimamoto akiomba gari lake lifungwe honi ya treni, wengi humjibu kabla hajamaliza kusema: kelele zilizopo zinatosha, huyu anataka kutisha watu tu. Kila nikilisikia jibu hilo naona limemkosea. Wapenzi wa kelele wapo, sikatai. Lakini anayeshinda barabarani na mgonjwa nyuma yake analalamikia jambo jingine kabisa. King'ora kinalia, taa zinamulika, na gari lililo mbele halisogei kwa sababu aliyemo ndani hajasikia kitu.

Tufanye hesabu. King'ora cha kawaida cha umeme, chenye spika ya wati 100, hutoa takriban desibeli 120 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa mtu aliyesimama mita 3 mbele yake. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Mita 6 zinabaki 114, mita 12 zinabaki 108, mita 24 zinabaki 102. Sasa mtie dereva ndani ya gari la kisasa, vioo juu, kiyoyozi kinavuma, redio inaimba. Bodi na vioo vya gari hilo vinaweza kumeza desibeli 30 hivi. Kutoka mita 24, sikio lake linapata 72, na ndani ya gari lililoshika kasi tayari mna kelele inayokaribia kiasi hicho. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa humaliza mita 24 kabla ya sekunde moja na nusu kutimia. Wahandisi wa barabara, wanapopima umbali wa kusimama, humpa dereva sekunde 2.5 za kutambua hatari na kukanyaga breki. Sekunde moja nzima haipo.

Na hapo nimemweka mbele kabisa ya spika. Kwenye makutano ya barabara, ambako ndiko magari ya dharura hugongana na wengine, sauti inatakiwa kumfikia mtu aliye ubavuni, nyuma ya jengo la kona. Mwaka 1991 watafiti De Lorenzo na Eilers walipitia maandishi ya kitaalamu kuhusu vifaa vya tahadhari vya magari haya, wakahitimisha kwamba king'ora ni kifaa chenye uwezo mdogo mno. Tangu hapo magari yamezidi kutengenezwa ili yazuie kelele za nje.

Je, honi ya treni inaongeza nini? Wengi hudhani ni nguvu, kumbe si lazima. Kanuni za reli za Marekani zinataka honi ya kichwa cha treni itoe kati ya desibeli 96 na 110 mbele yake, ikipimwa umbali wa futi 100, yaani mita 30 na kitu. King'ora chetu cha desibeli 120 kikipimwa umbali huohuo hubaki na 100 hivi. Kumbe honi ya treni inayofuata sheria inaweza kuwa sawa na king'ora, au hata chini yake!

Tofauti iko kwenye unene wa sauti. King'ora hupanda na kushuka kati ya takriban hezi 500 na 1,500 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde; zikiwa chache sauti huwa nene). Honi ya K5LA, inayosikika sana kwenye treni za Amerika Kaskazini, ina tarumbeta tano zinazopulizwa kwa hewa iliyoshindiliwa na kulia pamoja, ya chini ikianzia hezi 311 na ya juu ikiishia 622. Sauti nene hupenya bati na kioo kwa urahisi zaidi. Kwa kanuni ya jumla, kila sauti inaposhuka nusu ya hezi zake, ukuta mwembamba huizuia kwa desibeli 6 pungufu. Desibeli hizo 6 ndizo zilezile zinazopotea umbali unapoongezeka maradufu. Sauti nene pia hupinda vizuri zaidi kwenye kona za majengo. Na wazee, ambao masikio yao hupoteza kwanza sauti nyembamba, huisikia vyema kuliko mlio wa juu. Faida hii ina mpunguzo wake, kwa sababu mngurumo wa matairi na injini nao ni wa sauti nene na unaila sehemu yake. Hata hivyo haiishi yote, na anayeiita kelele tu hajauliza ni kelele ya aina gani.

Kuna takwimu moja siwezi kuiachia. Kuanzia mwaka 1984, jimbo la Florida liliruhusu honi za treni zinyamazishwe usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwenye makutano ya reli na barabara. Makutano hayo hayakuachwa wazi, maana yalikuwa na vizuizi vinavyoshuka, taa zinazowaka na kengele. Mamlaka ya reli ya Marekani ilipochunguza, ilikuta kiwango cha ajali za usiku kimepanda kwa asilimia 195. Mwaka 1991 ikaamuru honi zirudi, na ajali zikashuka tena. Fikiria maana yake. Dereva alikuwa na taa nyekundu machoni na kizuizi kimeshuka mbele yake, lakini kilichokuwa kinamzuia, kwa ajali nyingi kiasi hicho, ni sauti. Anayesema taa za ambulensi zinatosha aanze kwa kuieleza hiyo asilimia 195.

Najua treni si ambulensi. Treni haikwepi na haisimami upesi, ilhali ambulensi inaweza kupunguza mwendo kwenye makutano, na inapaswa kupunguza. Kwa hiyo takwimu ya Florida inathibitisha kwamba sauti huokoa pale macho yanaposhindwa. Haithibitishi kwamba kila gari lenye kimulimuli lifungwe honi ya treni.

Wanaopinga wana hoja mbili zinazonizuia kukubali bila masharti. Ya kwanza ni mtu anayetembea kwa miguu. Mbele ya treni, mita 3 tu kutoka kwenye tarumbeta, hakuna anayesimama. Mbele ya ambulensi yupo, anavuka kwenye kivuko cha pundamilia akiwa ameshika mkono wa mtoto. Honi yenye desibeli 110 umbali wa mita 30 inampiga huyo kwa takriban 130, na hapo ndipo sikio huanza kuuma. Wahudumu wenyewe wanaumia pia. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani, NIOSH, hukubali dakika 15 tu kwa siku kwenye desibeli 100. Ndiyo maana kiwango cha magari ya zimamoto cha NFPA, chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, kilikataza ving'ora kufungwa juu ya paa, kikataka vikae chini na mbele kadiri inavyowezekana. Honi yoyote ifuate njia hiyo, kwenye bampa.

Ya pili ni ngumu zaidi, na imo ndani ya historia ya honi yenyewe. Treni za dizeli zilipochukua nafasi ya zile za mvuke, filimbi iliondoka, ikaja honi ya mlio mmoja. Madereva barabarani waliisikia wakadhani ni lori, nao wakagongwa. Mkanada Robert Swanson ndiye aliyetengeneza, mwishoni mwa miaka ya 1940, honi ya tarumbeta kadhaa iliyorudisha mlio wa zamani, ili anayesikia ajue hii ni treni. Honi hii ilizaliwa ili itamke neno moja tu. Tukiipachika kwenye ambulensi tunalifanya neno hilo liseme uongo. Anayeisikia ataitafuta reli badala ya kutazama kioo cha nyuma, na akiwa karibu na reli ya kweli huenda akakanyaga breki ghafla mbele ya gari linalomwomba apite.

Kwangu mimi, hoja hii haiikatai honi, ila inaipangia mahali. King'ora kiendelee kulia, maana ndicho kinachomwambia mtu apishe, na sheria za nchi nyingi zinakitambua hicho. Honi nene ije juu yake kwa milio mifupi, gari linapokaribia makutano, na dereva asiibonyeze watu wakiwa wanavuka mbele. Milio yake isiwe nakala ya wimbo wa treni, kwa kuwa unene ndio tunaouhitaji. Zipo tayari spika za sauti nene za kuambatanisha na king'ora, kama ile iitwayo Rumbler, zinazofanya kazi hiyo bila tangi la hewa. Gari lenye breki za upepo lisichote hewa ya honi kwenye breki bila vali ya kulinda shinikizo, na ambulensi ndogo isiyo na breki za aina hiyo ihesabu kwanza uzito wa kompresa na umeme itakaoula.

Kabla ya hayo yote kuna kipimo cha nusu saa ambacho karibu hakuna anayekifanya. King'ora hupimwa nje, mita 3 mbele ya spika. Mkalishe mtu ndani ya gari, vioo vimefungwa, redio na kiyoyozi vimewashwa, mita 50 pembeni, nyuma ya kona. Piga king'ora, kisha piga honi, na uandike ni sauti ipi iliyomfanya ageuke.