Chatu wa kichuguuni: tumwue, tumhamishe au tumwache?

Chatu akionekana kando ya mafunjo, iwe Kasese au kule Arua, hapa Uganda, mabishano huwa yale yale. Wenye mbuzi wanataka mapanga. Wengine wanakumbusha kwamba Sheria ya Wanyamapori ya 2019 hairuhusu kumwua mnyama wa porini bila kibali. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anabaki katikati, simu sikioni.

Wenye mbuzi wana hoja. Chatu wetu, Python sebae, akikomaa hufikia mita 3 hadi 5, na wapo wachache wanaozidi hapo. Anameza kuku, mbwa, mwanambuzi. Kwa mjane mwenye mbuzi watatu, mmoja akimezwa ndiyo karo ya muhula imekwenda. Wala asidanganye mtu kwamba chatu hawezi kuua mtoto: mwaka 2013 huko Campbellton, Kanada, chatu wa aina hii hii aliyetoroka kwenye kizimba aliua watoto wawili waliokuwa usingizini.

Ila tuulize ni chatu yupi hasa anayepigwa mapanga. Chatu anayewinda ni mviziaji wa usiku. Hutulia kwenye nyasi au majini, na kwa kawaida humwoni. Yule anayeonekana mchana kweupe, siku baada ya siku, kwenye mdomo wa kichuguu kile kile au shimo la muhanga, kuna uwezekano mkubwa ni jike mwenye mayai.

Hapa tofauti ya chatu na boa, nyoka mwingine anayefanana naye, inakuwa na uzito. Wote wawili huua kwa kujiviringisha na kubana, na wote wana vijikucha viwili karibu na mkia, masalia ya miguu ya nyuma. Kwa miaka mingi walihesabiwa ukoo mmoja, hadi vinasaba vilipoonyesha kwamba jamaa wa karibu wa chatu ni nyoka wengine kabisa wa Asia na Amerika ya Kati, wanaotaga mayai kama yeye. Kufanana kwake na boa kumetokana na kazi, si damu. Boa wa Amerika, na hata wale wa Madagaska, huzaa watoto hai: akitaka joto anaipeleka mimba yake juani, na akisikia kishindo anaondoka nayo. Chatu hutaga mayai 20 hadi 100, na akishayataga hana namna ya kuyahamisha. Shimo limemfunga.

Afrika Kusini, mtafiti Graham Alexander aliwafuatilia chatu wa kusini, Python natalensis, kwa miaka 7 akitumia vifaa vya redio, akatoa matokeo mwaka 2018. Jike mwenye mayai hugeuka rangi akawa mweusi zaidi, hutoka mlangoni kuota jua hadi mwili wake unakaribia nyuzi 40 za Selsiasi, kisha hurudi kuyazungushia mayai joto lile. Uganda ina joto kuliko kwao, kwa hiyo si lazima wetu afikishe nyuzi hizo, lakini naye hujiviringisha juu ya mayai vivyo hivyo.

Jambo la kushika katika utafiti ule ni njaa. Jike yule hukaa karibu miezi 6 bila kula. Hawindi panya, seuze mbuzi. Anakonda vibaya, na wengine huchukua muda mrefu kabla hawajapata nguvu ya kutaga tena. Sasa kijiji kimepoteza mwanambuzi Jumatatu. Alhamisi watu wanamkuta chatu juani pale kichuguuni, wanamkatakata, wanasema mwizi amelipa. Aliyemeza mbuzi bado yuko kwenye mafunjo, na tumbo lake limejaa. Aliyekufa ni yule asiyekula, pamoja na mayai yake yote. Ndiyo maana mbuzi huendelea kupotea hata baada ya chatu "kupatikana".

Watetezi nao hutia chumvi wakidai chatu atamaliza ndezi wanaokata mahindi na miwa. Atakula baadhi, lakini mnyama anayekula mara chache kwa mwaka hawezi kusafisha shamba.

Wapo wanaotaja kama onyo Florida, Marekani, ambako chatu wa Burma wameenea porini: utafiti wa 2012 ulikuta rakuni, mnyama mdogo wa kule, wakionekana barabarani pungufu kwa asilimia 99 katika maeneo waliyokaa chatu muda mrefu zaidi. Kule, lakini, chatu ni mgeni. Hapa ndezi na swala wamemjua tangu enzi na enzi.

Basi ahamishwe? Inasikika kama suluhu, lakini huko huko Florida chatu 6 walipelekwa umbali wa kilomita 21 hadi 36, na 5 kati yao wakarudi hadi karibu na walikokamatwa. Na jike akihamishwa, mayai hubaki yakipoa.

Kinachopunguza hasara ni zizi. Wanambuzi walale ndani kabla ya magharibi, sakafu iinuliwe, mianya izibwe kwa wavu wa matundu madogo, nyasi zifyekwe pande zote. Mbuzi asifungwe kamba ukingoni mwa maji jioni. Chatu akimbana mtu, mfungueni kuanzia mkiani. Akiuma mkono, usiuvute kwa nguvu, maana meno yamepinda kuelekea kooni na nyama itachanika.

Hofu moja ni halali kabisa: kinda la chatu na kifutu hufanana kwa haraka haraka. Kifutu ni mnene, mfupi, magamba yake hayang'ai, na mgongoni ana alama za V zilizofuatana. Chatu ana magamba laini yanayong'aa, doa jeusi la mkuki utosini, na vishimo kwenye mdomo wa juu. Usipoweza kuviona hivyo ukiwa mbali, usisogee.

Kwa kichuguu chenye jike, weka matawi ya miiba kuzunguka, watoto wakatazwe, mbuzi walishwe upande mwingine. Mayai huchukua miezi 2 hadi 3. Makinda wakishaanguliwa, kule kusini mama alikaa nao takriban wiki 2, kisha wote wakaondoka.