Saa Ngapi, Baba Watoto?

Juzi mama watoto kaniuliza saa ngapi, na mpaka leo hatujasemeshana vizuri. Lakini ngojeni nianze mbali, maana nikianzia hapo mtaniona mie ndiye mwenye makosa.

Nyumbani kwangu Malindi, hapa Unguja, nnayo kompyuta ya zamani ya 486. Si hizi nyembamba za kukaa mapajani kama sinia ya haluwa. Hii ni boksi la bati, monita ya kichogo, na kiibodi ambayo ukiandika barua jirani wa chini anajua umefika aya ya pili. Prosesa megahezi 66, aina iliyotoka 1992. Memori megabaiti 8, diski megabaiti 426. Megabaiti, hujakosea kusoma. Picha moja ya pweza uliyopiga jana Forodhani ina megabaiti tatu au nne, na flopi yangu, kile kisahani cha kuhamishia faili, mwisho wake megabaiti 1.44. Pweza itabidi akatwe vipande, arudi kulekule kwa muuzaji.

Niliipata kwenye ofisi moja iliyokuwa ikihama. Waliiweka nje ingoje gari la taka, na wingu la masika lishatanda. Nikaingiwa na huruma. Nikamwita hamali. Akainyanyua monita kidogo, akaitua. "Sheikh, humu ndani mna nini?"

"Kioo."

"Kioo cha wapi, cha msikitini?"

Akataka bei ya friji. Tukabishana mpaka nikaona aibu, nikalipa bei ya friji. Vichochoro vyetu mnavijua: kona ya mwisho mkokoteni haukukata, tukaibeba mikononi, nyuma yetu foleni ya watalii wanapiga picha. Leo kwenye simu ya Mjerumani mmoja nimo, nimekumbatia kichogo.

Barazani wananiambia, yakhe, si ununue mpya? Na anayesema ana baiskeli ya Raleigh ya marehemu babu yake, kila Ijumaa anaitia mafuta mnyororo na kuifuta kengele kwa kanga, na hajawahi kuulizwa kwa nini hanunui Vespa. Cha kwake ni urathi, changu ni taka.

Na kazi inafanya! Matokeo ya mitihani ya chuo chetu cha mtaani nayaandika kwenye WordPerfect 5.1, programu ya kuandikia ya zama hizo, kioo cha buluu, herufi nyeupe, hakuna kijimduara kinachozunguka wala tangazo la mtu anayetaka kunikopesha. Natoa kwa printa ya sindano. Printa hizi zinagonga karatasi, kwa hiyo ukipachika kaboni unapata nakala tatu kwa mpigo mmoja: ya maalim, ya mzazi, ya faili. Hiyo printa mpya ya ofisini kwako haigongi, kwa hiyo kaboni kwake haina kazi. Kelele ndiyo tabu. Usiku mmoja baada ya Isha jirani alinijia na tochi, kadhani paka kanasa kwenye feni.

Kuna kitufe kimeandikwa Turbo, kina taa yake ya manjano. Nani asingedhani kinaongeza mwendo? Kazi yake hasa ni kupunguza. Michezo ya zamani ilipima muda kwa kasi ya mashine. Ukiileta kwenye mashine yenye kasi zaidi, mtu anakimbia kama kamwagiwa maji moto, hujashika kiibodi keshakufa. Ndiyo wakaweka kitufe cha kuituliza. Mwanangu wa mwisho alikibonyeza taa ikazima, na mie wiki tatu naifungua, naipuliza vumbi, nambadilisha huyu na yule, kumbe naendesha gari na hendibreki juu.

Wageni wengine siwataji sana. Mjusi kafiri kaingia kwenye monita kupitia matundu ya nyuma, na monita ya kichogo haifunguliwi ovyo: hata ukiizima, ndani inaweza kubakia na umeme wa maelfu ya volti. Kwa hiyo yumo, hatoi kodi, usiku anapita nyuma ya herufi namwona kivuli.

Balaa lenyewe ni betri. Mabodi ya zama zile, yaani ule ubao mkuu ndani ya kompyuta, yalichomelewa kijibetri cha rangi ya buluu, kama pipa dogo, kazi yake kutunza saa na mipangilio umeme ukizimwa. Kikizeeka kinavuja, na uvujaji wake unakula njia za shaba. Nilipofungua nikakuta ukungu wa kijani umeanza kwenye betri unaelekea kwenye tundu la kiibodi, kama mwani unavyopanda ngazi za bandarini. Nikakikata. Maji yale ni ya alkali, na dawa ya alkali ni kitu kichachu: siki, na ikikosekana, ndimu. Siki ilikosekana. Jikoni palikuwa na bakuli la ndimu. Nikakamua, nikasugua na mswaki, ikatoa povu kidogo, nikasuuza na spiriti, nikaianika kivulini. Ikang'ara. Ndimu zilikuwa za achari. Achari ilikuwa ya harusi. Sina zaidi la kusema hapo.

Sasa bila betri, kila nikiwasha mashine imesahau kila kitu. Haijui hata ina diski. Inabidi niitajie vipimo vya diski kwa mkono: silinda 826, vichwa 16, sekta 63. Nimezitaja asubuhi na jioni mpaka siku moja kwenye dirisha la kituo cha afya naulizwa namba ya simu, nikajibu, "Nane mbili sita, kumi na sita, sitini na tatu." Karani akanitazama, akaandika kitu pembeni ya kadi yangu.

Na tarehe: inarudi Januari 1, 1980. Kwa hesabu yake Rais wetu bado ni Mzee Aboud Jumbe. Mie mwenyewe sijazaliwa, na bado inanitaka nibonyeze F1 ndiyo iendelee. Haya, ningevumilia, lakini WordPerfect inapachika tarehe yenyewe. Mzazi mmoja kaja na karatasi ya matokeo mkononi. "Mwanangu kafaulu 1980. Mie nimeoa 2009."

Nikaona hapana. Bodi ina pini nne za kuchomekea betri ya nje, na betri tatu ndogo za kawaida, volti moja na nusu kila moja, zinatosha. Usiku ule duka lishafungwa. Rimoti ya TV ina mbili. Saa ya ukutani ina moja. Mbili na moja ni tatu, na mtu asiniambie hiyo si ishara.

Ikashika! Nikaweka tarehe, nikaweka saa, nikazima, nikawasha: inakumbuka. Nikalala usingizi wa mtu aliyelipa madeni.

Juzi basi, umeme umekatika tangu asubuhi, simu zote zimekufa. Alasiri ikapita, umeme ukarudi. Mama watoto kasimama ukumbini, baibui begani, anatakiwa harusini, ile ile ya achari. Kaangalia saa ya ukutani: saa nane na robo, tangu wiki iliyopita. Kachukua rimoti awashe TV aone saa. Kaibonyeza. Kaipiga kwenye kiganja. Kaifungua nyuma.

"Baba watoto."

"Naam."

"Saa ngapi?"

Nikamwambia, ngoja, nnayo saa ya uhakika. Lakini mie ni mtu niliyepita lile giza la miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipokufa, na nimeona vifaa vilivyoungua umeme uliporudi kwa kishindo. Kanuni yangu: umeme ukirudi, nangoja dakika ishirini. Dakika ishirini nizipime na nini? Nikahesabu kwa mdomo. Nikifika mia nane yeye ananiuliza kitu, naanza tena.

Nikawasha. Ikahesabu memori, tiki tiki tiki, mpaka kilobaiti 8192, haina haraka. Ikagoma: nimesahau flopi ya maalim ndani, inataka nitoe nibonyeze kitufe chochote. Nikatoa. Nikabonyeza. Diski ikaanza kukoroma. Nyuma yangu kimya, nasikia bangili tu.

Muadhini akaadhini Magharibi.

"Ahsante," akasema, "nishajua." Mlango ukafungwa.

Nikabaki peke yangu, nikaandika TIME, ikanijibu 6:31p. Nikatoa sita kama kawaida: saa kumi na mbili na nusu na dakika moja. Na wallahi, mashine haikukosea hata kidogo. Muadhini wetu ndiye aliyetangulia.