Kompyuta ya mashine iwake kwa mtandao au kwa flashi yake?

VxWorks, mfumo endeshi wa wakati halisi (yaani unaopaswa kujibu ndani ya muda uliopangwa) unaotengenezwa na kampuni ya Wind River ya Marekani, umejificha ndani ya mitambo ya viwanda, ndege na vifaa vya hospitali. Bodi inayoutumia ikipata umeme, programu ndogo ya kuwashia huamka kwanza, hukuambia ubonyeze kitufe chochote kama unataka kuisimamisha, kisha huhesabu kurudi nyuma, kwa kawaida kuanzia 7. Usipogusa kitu, husoma mstari mmoja wa maandishi uliohifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyopotea umeme unapokatika, na kuufuata kama ulivyo: ndio unaosema mfumo uletwe kutoka seva kwa mtandao au usomwe kwenye flashi, hifadhi ya kudumu iliyo kwenye bodi yenyewe.

Herufi e kwenye mstari huo hubeba anwani ya bodi, h ya seva, g ya lango la kutokea kwenda mitandao mingine, u na pw jina na nywila. Halafu kuna f, namba ya heksadesimali: 0x40 huiambia bodi iombe anwani kwa DHCP au BOOTP (taratibu za kugawiwa anwani na seva), 0x80 ivute faili kwa TFTP badala ya FTP, njia mbili za kuhamisha mafaili. Kwenye matoleo ya zamani, pw ikiachwa tupu bodi huhamia rsh, njia nyingine ya kuchukua faili kwenye seva, na fundi asiyelijua hilo atahangaika na kebo bure. Barakoa ya mtandao, namba inayoonyesha anwani zipi ziko jirani, nayo huandikwa baada ya anwani, mfano 10.20.3.15:ffffff00. Ukiisahau, bodi inaweza kuchukulia kwamba kila anwani inayoanza na 10 iko jirani. Itaitafuta seva ya 10.20.9.4 bila kupita langoni, na faili halitafika.

Wanaotetea kuwasha kwa mtandao wana hoja nzito. Anayeandika programu hukompaili, huweka faili kwenye seva, huzima na kuwasha bodi, basi. Kwenye maabara zenye viongeza kasi vya chembe zinazotumia EPICS (programu za kudhibiti mitambo ya kisayansi), bodi nyingi za aina ya VME zimewashwa hivyo kwa miaka. Faili moja likibadilishwa kwenye seva, zote hulipata zikiwashwa tena, na bodi iliyoungua hubadilishwa kwa kuandika mstari ule ule kwenye mpya. Tena flashi si kinga kamili. Januari 2004, Spirit, kigari cha NASA kilichokuwa Mars kikitumia VxWorks, kilijizima na kujiwasha mfululizo kwa sababu ya hitilafu kwenye mfumo wa mafaili wa flashi. Wahandisi walikiokoa kwa kukiamuru kiwake bila kuitumia flashi hiyo.

Hata hivyo, hebu tufikirie umeme ukikatika jengo zima kisha ukarudi. Bodi iko tayari ndani ya sekunde chache. Swichi ya mtandao yenye spanning tree (utaratibu wa kuzuia data kuzunguka bila mwisho), kwa mipangilio yake ya kawaida, huizuia poti kwa sekunde 30 kabla ya kuruhusu data ipite. Seva bado inakagua diski zake. Bodi inamaliza hesabu yake ya sekunde 7, inaomba faili, haijibiwi. Na hapa ndipo pananitia hofu: programu ya kuwashia ya matoleo ya zamani haikurupuki kujaribu tena. Husimama ikingoja mtu aje na kebo ya serial, huku seva ikiwa imeshaamka na mtandao uko salama. Dawa ipo: kuruhusu poti za bodi zifunguke mara moja, kurefusha hesabu, kuipa seva UPS, yaani betri ya akiba. Lakini dawa zote hizo ziko mikononi mwa watu wa mtandao, ambao aghalabu hawajui kwamba pampu fulani inawategemea.

Kuna wanaosema mtandao unaharibu sifa ya wakati halisi. Sikubaliani nao. Kerneli, kiini cha mfumo, ikishaingia kwenye RAM, kazi zake hazijali imetoka wapi. Kisicho na kikomo ni muda wa kuwaka. Kama kidhibiti cha uhai wa mfumo (watchdog) kinaweza kuizima na kuiwasha bodi katikati ya kazi, muda huo nao ni sehemu ya ahadi ya mashine, na usiwekwe rehani kwa seva.

Usalama pia unabana. TFTP haina nywila kabisa. Ya FTP hupita wazi kwenye waya, na mwenye terminali akibonyeza p wakati wa kuwasha huiona. Julai 2019 kampuni ya Armis ilitangaza URGENT/11, udhaifu 11 kwenye IPnet, programu ya mtandao iliyotumika ndani ya VxWorks, mmojawapo ukiwa kwenye sehemu ya DHCP. Flashi peke yake isingeuondoa, kwani programu yenyewe ikitumia mtandao hatari inabaki.

Kwa maabara yenye mafundi karibu na mtandao wake wenyewe, ningebaki na kuwasha kwa mtandao, ila kwa anwani za kudumu. Kwa mashine inayoachwa peke yake, au iliyounganishwa na mgonjwa, ningetaka flashi yenye nakala mbili za mfumo, mtandao ubaki njia ya matengenezo tu. Na kabla boksi halijafungwa kwa skrubu, mtu asome mstari ule herufi kwa herufi, akianza na f: 0x40 iliyosahauliwa karakanani humfuata mteja hadi kwenye mtandao usio na seva ya kuijibu.